Osiloskopu ya masafa ya juu inakusumbua? Anza kwenye ncha ya probu, rudi nyuma taratibu

Malalamiko ya osiloskopu, ile mashine ya kuchora mawimbi ya umeme kwenye skrini, yanajirudia balaa. Huyu anasema chaneli imekufa, yule anasema mashine inasoma uongo, mwingine mawimbi yanakimbia kwenye skrini hayatulii, na ukienda kuangalia unakuta mashine nzima kabisa, shida iko kwenye ile mita moja kati ya saketi na mashine: probu (kile kijiti cha kupimia), waya wa ethi, kebo, konekta, au kitu kimoja kwenye menyu ambacho mtu wa jana alikibadilisha akakiacha hivohivo. Kwa hiyo hapa nimepanga kwa dalili, na kwenye kila dalili ile sababu inayotokea sana ndo inakuja mwanzo. Naongelea hizi za maabara za kuanzia MHz 100 mpaka GHz kadhaa, zenye pembejeo ya megaomu 1 na ya omu 50, ila mengi yanashika hata kwa zile ndogo.

Kabla hujabana klipu popote

Lile ganda la nje la BNC (konekta ya duara unapochomeka probu) limeungwa na bodi ya mashine, na bodi imeungwa na pini ya ethi ya plagi. Maana yake kile kiklipu cheusi cha probu si "waya mwingine wa kupimia" kama wa maltimita, ni ethi kamili, na chaneli zote zinashea hiyo hiyo moja. Ukikibana kwenye upande wa umeme wa ukutani wa pawa saplai umepiga shoti hapo hapo, klipu inayeyuka, probu kwaheri na saa ingine chaneli inaondoka nayo. Kuna watu wanakata pini ya ethi ili mashine "ielee". Usifanye. Mwili mzima wa mashine unabeba volti ya pale ulipobana na mkono wako uko kwenye nobu. Kwa kazi hizo tumia probu ya kupima tofauti kati ya nukta mbili iliyotengenezwa kwa volti kubwa, na kama huna hiyo na hujawahi kupima saketi za umeme wa ukutani, acha, muite anayezijua.

La pili ni omu 50. Ukiwasha omu 50 kwenye chaneli, ndani kuna kiresista kidogo kinabeba kila kitu unachoingiza, na mashine nyingi mwisho wake ni volti 5 rms. Angalia maandishi pembeni ya BNC, yapo. Reli ya volti 12, yaani laini ya umeme wa bodi, ukiichomeka moja kwa moja kwenye omu 50 ni karibu wati 2.9 kwenye kitu ambacho kwa kawaida kinategemea nusu wati. Mashine nyingine zinajiokoa zenyewe zinaruka kwenda megaomu 1, nyingine hazijiokoi.

Dalili: mstari mnyoofu tu, hakuna mawimbi

Anza na vitu vya aibu. Chaneli imewashwa? Umechomeka kwenye hiyo hiyo unayoiangalia? Volti kwa boksi (kila mraba wa skrini) umeweka 10 wakati signali yako ni milivolti? Kapling (namna signali inavyoingizwa kwenye chaneli) iko kwenye ethi? Triga (inayoamua mchoro uanze lini) iko kwenye normal badala ya auto? Hii ya mwisho inadanganya sana maana kwenye normal kama triga haijapata kitu, skrini inabaki na picha ya zamani au tupu, na mtu anadhani mashine imeganda.

Halafu gusa ncha ya probu kwa kidole, saketi ikiwa mbali, chaneli ikiwa megaomu 1. Ukiona mawimbi machafu ya 50 au 60 Hz yanajaa skrini ujue chaneli inasikia, ni mwili wako unafanya kazi ya anteni. Ikiwa omu 50 kidole hakitaonesha kitu cha maana, kwa hiyo usije ukaihukumu chaneli imekufa kwa kipimo hicho. Kisha bana probu kwenye kile kichuma cha kalibresheni mbele ya mashine, kinatoa mraba, karibu mashine zote ni kHz 1.

Bado hamna kitu? Hamishia probu ile ile chaneli ya jirani. Ikionekana huko, shida ni chaneli au mpangilio wake, isipoonekana shida ni probu. Probu unaipima na maltimita: kutoka ncha mpaka pini ya kati ya BNC, probu ya 10x (inayogawa signali kwa 10) inasoma karibu megaomu 9, ukiwa umeiweka 1x inasoma omu mia kadhaa tu. Ikisoma wazi kabisa waya umekatika ndani, na mara nyingi umekatikia pale inapoingia kwenye kishikio au kwenye BNC maana ndo panapopindwa kila siku. Usihangaike kuuunga, waya wa probu si waya wa kawaida, ni mwembamba sana na una ukinzani wake kwa makusudi.

Kwa wanaotumia SMA, zile konekta ndogo za skrubu za masafa ya juu, kuna hii moja ya kuchekesha. Nilishawahi kuzunguka nusu siku nikitafuta signali ya GHz 2.4, nimebadilisha kebo mara mbili, nimeanza mpaka kuilaumu chaneli, kumbe adapta niliyookota kwenye droo ilikuwa ya anteni ya waifai. Zile zina pini iliyogeuzwa: uzi wa skrubu unaingia vizuri kabisa, unakaza, unajisikia raha, lakini katikati ni tundu kwa tundu, hakuna chuma kinachogusana. Kilichokuwa kinafika ni mnong'ono tu unaoruka ile nafasi. Kwa hiyo angalia katikati kwa macho kabla hujakaza, upande mmoja lazima uwe na pini na mwingine tundu.

Ukishapita hayo yote ndo unapima chaneli yenyewe. Washa mashine, weka omu 50, usichomeke kitu, pima na maltimita kati ya pini ya kati na ganda la BNC. Inatakiwa isome karibu sana na 50. Ikisoma wazi, au 70, au 35, kile kiresista kimeungua. Sikiliza pia ukibadilisha kutoka megaomu 1 kwenda omu 50, mashine nyingi utasikia "tak" ya relei ndani, chaneli nzima zinalia na hii moja imenyamaza, basi umepata mgonjwa. Hapo simama. Hilo ni eneo la mbele lenye vitu vidogo vilivyopangwa kiwandani, ukibadilisha resista kwa kubahatisha bendiwidi (upana wa masafa ambayo mashine inaweza kuyaonesha) inaharibika hata kama volti inarudi kusoma sawa.

Dalili: volti zinasoma mara mbili, nusu, au mara kumi

Hii ndo rahisi kuliko zote, kosa lenyewe linakwambia jina lake.

Mara kumi juu au chini: probu ni 10x na chaneli imewekwa 1x, au kinyume. Probu nzuri zina kipini pembeni ya BNC kinachoiambia mashine "mimi ni 10x", ila pete ya kukigusa ikichafuka mashine haioni kitu, au umetumia probu isiyo na kipini basi inabidi useme mwenyewe kwenye menyu.

Mara mbili: jenereta ya signali ina omu 50 ndani na inakuonesha volti ikiamini upande wa pili kuna omu 50 pia, wewe umeichomeka kwenye megaomu 1. Imeandika volti 1, unaona 2. Badilisha chaneli iwe omu 50. Nusu: umeiambia jenereta kwamba mzigo ni mkubwa wa megaomu wakati chaneli iko omu 50. Theluthi mbili: una omu 50 mbili, moja ya ndani na nyingine ni tamineta (kiresista cha kufunga mwisho wa kebo) umeiacha kwenye kiungo cha T. Hiyo tamineta iliyosahaulika naiona kila mara, imekaa tu pale kimya.

Ikiwa hakuna tamineta iliyosahaulika na bado inasoma asilimia 30 pungufu, ruka mpaka kwenye kingo za uvivu huko chini.

Dalili: kila ukingo unatetemeka kama kengele

Hapa ndo nataka tukae kidogo, maana watu wanabadilisha saketi nzima, wanaongeza kapasita, wanachora bodi upya, kumbe mtetemo hauko kwenye saketi.

Sababu namba moja ni ule waya wa ethi wa probu. Waya wa kawaida una indakitansi ya karibu nanohenri 1 kwa kila milimita, kwa hiyo kamkia ka sentimita 15 ni nanohenri 150. Ncha ya probu ya 10x ina pikofaradi kama 10. Viweke pamoja una saketi inayolia yenyewe kwenye MHz 130 hivi. Sasa mpe hiyo saketi ukingo mkali wa nanosekunde 1 au 2, inalia, lazima ilie. Kwa hiyo ukipima umbali kati ya kilele na kilele ukakuta karibu nanosekunde 8, shuku mkia wako kwanza kabla hujamshuku mtu.

Kipimo chake hakihitaji kifaa chochote: shika waya wa ethi, usogeze, ukunje, uweke kiganja juu yake huku unaangalia skrini. Mtetemo ukibadilika umbo, ni wa kwako, umeutengeneza wewe. Ukibaki vilevile, labda ni wa saketi kweli. Dawa ni kutoa kile kiklipu, vua kofia ya ndoano ya probu, tumia kile kispringi kidogo kinachokuja kwenye kifuko cha probu (watu wanakitupa jamani) kinachogusa ethi sentimita moja tu kutoka kwenye ncha. Nanohenri 150 zinakuwa 10, na mlio unapanda mpaka kama MHz 500, ambako saketi nyingi haziugusi.

Sababu ya pili ni kebo isiyofungwa. Umetoka kwenye jenereta au bodi na kebo ya koaksia ya omu 50 ukaingia megaomu 1. Signali inafika mwisho, haipati pa kumezwa, inarudi ilikotoka. Kwenye kebo za kawaida za plastiki ngumu ndani, kama RG-58, signali inatembea mita moja kwa nanosekunde 5, kwenda na kurudi 10. Ukiona ngazi ngazi kwenye ukingo, pima urefu wa ngazi kwa nanosekunde, gawa kwa 10, umepata mita za kebo yenye kosa, na ukikuta inalingana na kebo uliyoshika mkononi umemaliza uchunguzi. Weka omu 50 kwenye chaneli, au kama mashine haina, chomeka tamineta ya kupitisha kwenye BNC yenyewe, siyo mita mbili kabla.

Ya tatu, fidia ya probu. Bana kwenye mraba wa kHz 1, pembe zikichomoza juu au zikiwa za mviringo, zungusha kiskrubu kidogo mpaka juu pawe tambarare. Tumia bisibisi ya plastiki maana ya chuma yenyewe inabadilisha kipimo ukiisogeza karibu. Ukiihamisha probu kwenda chaneli nyingine rudia, pikofaradi za chaneli hazifanani. Ila elewa hii fidia inagusa umbo la masafa ya chini, mtetemo wa MHz 130 hautibiki kwa kiskrubu hiki hata ukizungusha mpaka kesho.

Mwisho kabisa, BNC ya omu 75 ya mambo ya video. Inaingia, inafunga, inafanya kazi, ila kuna mwangwi mdogo usioisha. Soma maandishi kwenye kebo.

Dalili: ukigusa probu saketi inabadilika tabia

Kristali inaacha kutikisika, au saketi iliyokuwa haifanyi kazi inaanza kufanya kazi ukiweka probu na ukiitoa inakufa tena. Watu wanasoma megaomu 10 kwenye probu wanadhani haina uzito. Megaomu 10 ni kwa umeme mnyoofu. Zile pikofaradi 10 za ncha kwenye MHz 100 ni karibu omu 160, na kwenye MHz 500 ni karibu omu 32. Yaani umebana resista ya omu 32 kwenye saketi yako ukategemea isijue.

Kwanza hakikisha hukuiacha kwenye 1x, maana hapo waya mzima wa probu unaning'inia kwenye saketi, pikofaradi zinakuwa nyingi mara kadhaa. Kama iko 10x na bado inazidiwa, probu aktivu ndo yenyewe, pikofaradi 1 au chini ya hapo, ila kuwa makini nazo, ncha zake hazivumilii volti kubwa wala umeme tuli wa nguo.

Na kuna ya mfukoni ambayo mimi naipenda kuliko zote: chukua kipande cha koaksia ya omu 50, chomelea resista ya kiloomu 1 kwenye pini ya kati, miguu ifupishe kabisa, ethi ya kebo chomelea kwenye bodi hapo hapo pembeni, upande wa pili uingie chaneli ya omu 50. Unapata probu ya 21 kwa 1 (1050 ugawe kwa 50), mzigo kwa saketi ni omu 1050 na pikofaradi chache mno. Inapunguza signali sana na inavuta mkondo kidogo wa umeme mnyoofu, lakini kwenye kingo za kasi inaiacha mbali probu ya 10x ya bei yoyote.

Dalili: kingo za uvivu, au signali inapungua ukipandisha masafa

Kuna kanuni moja ya kubeba kichwani: muda wa ukingo kupanda, kutoka asilimia 10 mpaka 90, ni 0.35 ugawe kwa bendiwidi. MHz 350 inakupa nanosekunde 1. MHz 100 inakupa 3.5. Na MHz 20 inakupa 17.5.

Sasa hiyo 17.5 ikumbuke. Kama kila kitu unachopima kinapanda kwa nanosekunde 17 au 18 bila kujali ni nini, kuna mtu amewasha kizuizi cha MHz 20 kwenye chaneli ili apunguze kelele akasahau. Nenda menyu ya chaneli ukizime. Hiyo ndo sababu ya kwanza na inazishinda zingine kwa mbali.

Ya pili probu iko 1x, hapo bendiwidi inashuka mpaka MHz 6 au 10 tu. Ya tatu probu ya MHz 100 kwenye mashine ya MHz 500, mnyororo unakuwa na nguvu ya pete dhaifu. Ya nne ni mashine yenyewe imefika mwisho: bendiwidi iliyoandikwa mbele ni pale ambapo signali imeshapungua hadi asilimia 70, kwa hiyo mawimbi ya MHz 100 kwenye mashine ya MHz 100 yatasoma 0.7 badala ya 1 na hilo si bovu, ndo maana yake halisi. Na ukingo wa kweli wa nanosekunde 1 kwenye mashine ya MHz 350 utasoma kama 1.4, maana miraba ya nyakati mbili inajumlishwa kisha unatoa kipeuo cha pili.

Dalili: mawimbi yanakimbia, hayatulii, au yanatulia mahali pa uongo

Yakikimbia tu, ni triga. Chanzo cha triga kiko chaneli 2 wakati signali iko 1, au kile kimshale cha leveli kiko juu ya kilele cha mawimbi hakigusi kitu. Kirudishe katikati. Kama yanatulia kisha yanaruka, kelele inatriga mara mbili kwenye ukingo mmoja, washa kichuja cha masafa ya juu kwenye triga. Kama ni mfululizo wa mapigo, pakiti za data kwa mfano, triga inashika pigo tofauti kila mara, ongeza muda wa kusubiri mpaka uwe mrefu kidogo kuliko pakiti moja. Signali za polepole sana kwenye auto nazo zinakimbia kwa sababu auto haina subira, hamia normal.

Yale yanayotulia mahali pa uongo ndo yenye kuuma. Nilikuwa nimewasha bodi yenye saa ya MHz 24, nimefungua muda mpana, milisekunde 10 kwa boksi ili nione bodi inavyoamka, nikasimamisha, nikakuza, nakuta mawimbi safi ya MHz 4, mazuri, hayana hata doa. Nikaanza kutafuta kwenye kodi nani kagawa saa kwa sita. Hakuna aliyegawa. Boksi 10 za milisekunde 10 ni milisekunde 100, memori niliyokuwa nimeiweka ni nukta milioni 1, kwa hiyo mashine ilikuwa inachukua sampuli milioni 10 tu kwa sekunde. 24 ukitoa 20 inabaki 4. Mashine ilikuwa inaniandikia kasi ya sampuli kwa herufi ndogo juu ya skrini muda wote ule.

Kwa hiyo, kila ukifungua muda mpana, angalia ile namba. Inatakiwa izidi mara mbili ya masafa makubwa yaliyomo kwenye signali, na kwa kuona umbo vizuri weka mara 4 au 5. Ongeza memori, au punguza muda. Na zima chaneli usizozitumia, maana mashine nyingi zinagawana sampuli, chaneli moja inapata bilioni 2 kwa sekunde, ukiwasha ya pili kila mmoja anapata bilioni 1.

Dalili: kelele nyingi

Bana ncha ya probu kwenye klipu yake yenyewe ya ethi, ishikilie karibu na saketi bila kugusa. Kelele ikiwepo, ni mzunguko wa waya unaokota sumaku za pawa saplai, rudi kwenye habari ya kispringi. Ikipotea, kelele iko kwenye saketi yako kweli. Ikibaki hata ukichomoa probu kabisa, ni ya mashine yenyewe, na hapo mara nyingi umesahau kwamba 10x inagawa signali kwa 10 halafu mashine inazidisha kila kitu kwa 10, pamoja na kelele yake. Kwa kupima mawimbi madogo ya milivolti kwenye reli ya umeme tumia 1x, au koaksia, ila ukiingia omu 50 weka kapasita ya kuzuia umeme mnyoofu, lile onyo la juu halijafutika.

Ukitaka kujua kama kelele inatoka ukutani, weka triga kwenye laini ya umeme. Ikitulia, ni ya ukutani.

Na tumia skrini yote. Mashine ya biti 8 ina ngazi 256 tu, ukiweka volti 1 kwa boksi kwenye boksi 8 kila ngazi ni karibu milivolti 31, usije ukalalamika ripo (vile viwimbi vidogo juu ya reli ya umeme) ya milivolti 20 haionekani.

Dalili: chaneli mbili hazilingani muda

Sentimita 20 za kebo ni nanosekunde 1. Kebo mbili za urefu tofauti, au probu upande mmoja na koaksia upande wa pili, jibu unalo. Peleka signali moja kwenye chaneli zote, rekebisha kwa menyu ya kusawazisha ucheleweshaji, basi.

Dalili: masafa yanasoma pembeni kidogo, au mashine mbili zinaachana

Kosa la sehemu 1 kwa milioni kwenye MHz 10 ni Hz 10, na osiloskopu haijatengenezwa kuwa saa ya marejeo. Kama una jenereta na osiloskopu zinateleza taratibu, toa MHz 10 kutoka nyuma ya moja ingiza kwenye nyingine, kisha, na hili ndo watu wanasahau, nenda menyu uiambie itumie rejeo la nje. Kinyume chake pia kipo: imeachwa kwenye rejeo la nje, kebo imechomolewa, sasa inapiga kelele haijajifunga.

Dalili: kompyuta haiioni

Kebo ya USB ya kuchajia isiyo na nyaya za data ndo ya kwanza. Ya pili umechomeka poti ya mbele ya flashi, ya kompyuta iko nyuma, ile ya mraba. Ya tatu hakuna draiva ya VISA, programu ya kompyuta ya kuongea na vifaa vya vipimo. Kwa mtandao, hakikisha kompyuta na mashine ziko kwenye anwani za familia moja, piga pingi kwanza. Mashine nyingi zinasikiliza kwenye poti 5025, tuma *IDN? (amri ya kuiuliza mashine jina lake) na usisahau mstari mpya mwishoni, bila huo mashine inakaa inasubiri umalizie sentensi mpaka muda unaisha. Kwenye GPIB, ile kebo nene ya zamani ya kuunganisha vifaa vya vipimo, vifaa viwili vyenye anwani moja vinauana, badilisha kimoja. Flashi isiposomwa ifomati kwa FAT32.

Dalili: mstari wa sifuri umehama, au haiwaki kabisa

Sifuri ikihama, acha mashine ipate moto nusu saa, chomoa kila kitu kwenye pembejeo, kila kitu kweli, halafu endesha kalibresheni ya ndani. Ukiiendesha na kebo imechomekwa utaipotosha zaidi. Ikishindwa kwenye chaneli ile ile mara mbili, usiendelee kujaribu.

Isipowaka: soketi, kebo ya umeme, swichi ya nyuma, kisha fyuzi ya nje kama ipo, weka ya ampia zile zile. Fyuzi mpya ikikatika tena hapo hapo, mwisho wako ni huo. Usifungue. Pawa saplai ndani inahifadhi volti za hatari hata baada ya kuchomoa plagi, na zile za zamani zenye tyubu ya kioo zina maelfu ya volti. Harufu ya kuungua, feni haizunguki, mwili wa mashine unakupiga shoti ndogo, au maji yameingia: zima, chomoa, muite fundi wa vifaa vya vipimo, siyo fundi yeyote.

Ukimpelekea muandikie chaneli ipi, ilikuwa omu ngapi, ulikuwa umeingiza nini na volti ngapi, maltimita ilisoma ngapi kwenye BNC, na ujumbe uliotokea neno kwa neno. Kama ulichomeka volti 12 sema tu, ataiona mwenyewe akifungua. Na wakati mashine bado iko mezani inasubiri, ziba ile BNC mbovu kwa utepe wa rangi, maana kesho asubuhi kuna mtu atakuja na haraka zake atachomeka hapo hapo.